Herufi A Ilipokufa

Ndugu msomaji, hebu tufanye mchezo mdogo kabla hatujaanza. Chukua kalamu, uandike barua fupi kwa Kiswahili bila kutumia herufi A hata mara moja. Utaanza vizuri, utaandika "mti huu ni mrefu", utajipongeza, kisha utakwama. Ukitaka kusema mama, huwezi. Baba, maji, chakula, kazi, kesho kutwa, yote hayo hayapo. Hata salamu huna. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu Tanga mwezi wa Oktoba 2023, pale kibodi cha mama kilipopoteza herufi moja, na herufi yenyewe ikawa hiyo.

Naona mtu anacheka: kibodi si kinauzwa shilingi elfu kumi na tano kila duka? Ni kweli. Vumilia kidogo nikueleze, maana nilipotoka kutafuta kibao kimoja cha kukitengeneza nilidhani natafuta kipuri tu, kumbe nilikuwa naingia kwenye historia.

Mama yangu alijifunza kupiga chapa mwaka 1973. Wakati ule mwanafunzi alifunikwa vidole kwa kitambaa asione herufi, akarudia a-s-d-f mpaka vidole vikajua njia vyenyewe kama ng'ombe wanaorudi zizini. Alipiga chapa ofisini kwa miaka zaidi ya thelathini. Alipostaafu alijipa kazi moja tu. Baba yake, yaani babu yangu, alituachia daftari nne alizoandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mna habari za ukoo, madeni, mvua, bei za nazi, nani kazaliwa na nani kafa. Sisi wajukuu hatuwezi kusoma hata mstari mmoja. Mama anaweza. Kwa hiyo akaamua kuzihamishia zote katika herufi hizi tunazosomea sisi, ukurasa baada ya ukurasa.

Lakini vidole vyake vimezeeka, na vile vibodi bapa vya kompyuta za kupakata vilimtesa. Alisema ni kama kugonga meza: vidole havijui kama neno limeingia. Kaka yangu mkubwa alikuwa baharia. Mwaka 2018 akaja likizo na mfuko wa vipande alivyonunua bandari mbalimbali: swichi, bamba la chuma, vitufe vyenye herufi nzito, na bodi moja ya kijani. Alikaa ukumbini siku nne akilehemu. Seremala wa jirani akachonga kasha la mninga. Kikatoka kibodi kidogo chenye vitufe 62, kizito, kinacholia tak-tak kama mashine ya zamani. Mama alipokigusa mara ya kwanza hakusema neno. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaanza kazi.

Kaka alifariki mwaka 2021. Sasa unaelewa kwa nini nisingeweza kununua kile cha elfu kumi na tano.

Aliyeua A ni mimi. Nilimwagia kibodi chai ya rangi yenye sukari. Nilikifuta juu, nikadhani yamekwisha. Sukari na chumvi ya hewa ya bahari hazikudhani hivyo. Baada ya majuma kadhaa A ikaanza kugoma, mara itoke mara isitoke. Nikampelekea kijana mmoja anayetengeneza simu. Akachomoa swichi kwa pasi ya moto kupita kiasi, na ile duara ndogo ya shaba iliyoshika mguu wa swichi ikabanduka kama gome. Hapo A ikafa kabisa.

Nikaenda kwa mzee mmoja Ngamiani, fundi wa redio tangu enzi za betri kubwa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Nani kaipiga kisu hii bodi?"

Nikakiri kila kitu. Akawasha taa, akavaa miwani ya kukuzia, akaniita nitazame. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipoona kibodi kwa chini, na ndipo somo langu la historia lilipoanza.

Nilikuwa naamini, kama watu wengi, kwamba kila kitufe kina waya wake wa kwenda kwenye kompyuta. Sivyo. Vitufe 62 vingehitaji njia 62, na chipu haina miguu ya kutosha. Badala yake shaba imepangwa kama jedwali: mistari mitano ya kulala na safu kumi na nne za kusimama, jumla njia kumi na tisa tu. Kila swichi imekaa pale mstari na safu vinapokutana. Chipu inazungukia njia hizo mara nyingi kwa sekunde moja ikiuliza, "Nani kagusana?" Kwenye kila swichi kuna dayodi, kidude kidogo kinachoruhusu umeme uende upande mmoja tu. Bila hiyo, ukibonya vitufe vitatu vya pembe za mraba, chipu itaona na cha nne ambacho hukukigusa. Mafundi wanakiita mzimu.

Mzee akaniambia jambo ambalo sikulielewa vizuri siku hiyo: "Kitufe hakijui herufi, mwanangu. Kinajua kugusana tu. Anayejua A ni huyu," akaigusa chipu nyeusi kwa ncha ya bisibisi.

Akavuta waya mwembamba kama unywele kutoka mguu wa swichi mpaka kwenye safu yake. A ikafufuka. Mama akapiga chapa majuma matatu. Kisha siku moja W, S na X zikanyamaza kwa pamoja, maana zimo kwenye safu moja. X haikuliliwa na mtu, Kiswahili hakiijui. Lakini S na W! Mzee alifungua tena, akanionyesha kutu ya kijani iliyotambaa chini ya rangi. "Hii sasa ni saratani," akasema. "Nikiziba hapa itatokea pale. Katafute bodi nyingine. Ila itazame vizuri iingie."

Iingie. Neno hilo moja lilinipa kazi ya miezi minane.

Nianze na bodi yenyewe, maana ina ukoo. Kwa Kiingereza jina lake maana yake ni saketi iliyochapwa, na si fumbo, imechapwa kweli. Mhandisi Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Uingereza, mwaka 1936 alitengeneza redio ambayo nyaya zake hazikuwa nyaya. Zilikuwa mistari ya metali juu ya ubao. Siku hizo redio ndani yake ilikuwa kichaka: mafundi walilehemu waya mmojamoja kwa mkono. Eisler alichukua maarifa ya wachapaji. Unabandika karatasi nyembamba ya shaba juu ya ubao, unachapa juu yake picha ya njia unazozitaka kwa wino usioliwa na asidi, kisha asidi inakula shaba yote iliyobaki. Njia zinasimama. Aliomba hataza mwaka 1943. Wakati wa vita Wamarekani walitumia saketi za namna hiyo katika fyuzi za mizinga ya kutungulia ndege. Vita vilipokwisha zikaingia kwenye redio, kisha kila mahali. Kwa hiyo kibodi cha mama ni kitu kilichochapwa ili kichape. Sisi Waswahili tumesema "kupiga chapa" miaka yote tusijue jinsi tulivyolenga.

Sasa tazama mpangilio wa matundu juu ya bodi. Umewahi kujiuliza kwa nini mistari ya vitufe haikupangana wima? Q haiko juu ya A sawasawa, wala A haiko juu ya Z. Kila mstari umesogea kidogo upande. Hakuna sababu ya umeme hata moja. Sababu iko Milwaukee, Marekani, ambako Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine ya kuandikia mwaka 1868. Mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1874 ikitengenezwa na Remington, kiwanda cha bunduki na cherehani. Kila kitufe kilivuta mkono wake wa chuma. Mikono hiyo ilibidi ipite baina ya vitufe vya mistari mingine, kwa hiyo vitufe vikasogezwa vipishane. Mikono ya chuma imekwisha kutoweka zamani, lakini kupishana kumebaki. Bodi ya kijani iliyotengenezwa China katika karne hii bado inapisha vyuma visivyokuwepo.

Na mpangilio wa herufi, ule wa QWERTY, ulitoka kwenye mashine hizohizo. Wataalamu wanabishana hadi leo juu ya sababu zake: wengine wanasema ulikusudiwa kuzuia mikono ya chuma isigongane, wengine wanataja mahitaji ya wapokeaji wa telegrafu. Lisilobishaniwa ni kwamba haukuwekwa kwa ajili ya Kiswahili. Q na X zimepewa nafasi zao na hatuzitumii. A yetu, inayobeba mzigo mkubwa wa lugha, imetupiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kitufe cha A cha mama kilikuwa kimelika mpaka herufi haionekani. Z ya pembeni ilikuwa kama mpya.

Lakini vidole vikishazoea, nani atavihamisha? Kijana mmoja Kariakoo alinishauri kwa nia njema kabisa: "Dada, si uhamishie A kwenye Caps Lock? Ni jirani tu." Nikampelekea mama pendekezo hilo. Mama akanitazama. "Wewe ukiambiwa mdomo umehamia shavuni, utakula?" Mjadala ukafungwa. Hivyo ndivyo QWERTY ilivyoishi miaka zaidi ya 140. Hailindwi na sheria yoyote. Inalindwa na kina mama waliofunikwa vidole kwa kitambaa.

Nilisema Kariakoo. Nilipanda basi nikaenda Dar es Salaam, nikazunguka mitaa ya Aggrey na Likoma siku mbili. Bwana we! Pale utapata kioo cha simu yoyote iliyowahi kutengenezwa duniani. Nikiitoa bodi yangu kwenye khanga nilikoifunga, watu wanakusanyika. "Hii ya nini, dada? Ya king'amuzi?" Mmoja akanipa kibodi cha kisasa akasema toa ndani yake uweke. Tulikifungua. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za plastiki na vifuniko vya mpira. Hakuna bodi. Nikauliza kulikoni, na jibu nililipata baadaye kwa kusoma.

Kibodi cha kompyuta nacho kimepita njia mbili. Njia ya kwanza ni ya IBM. Mwaka 1981 walipotoa kompyuta yao ndogo, kibodi chake kilikuwa na springi inayopinda ghafla chini ya kila kitufe. Chini ya springi palikuwa na ubao uliohisi ukaribu wa kidude bila hata kuguswa. Mwaka 1985 likaja toleo jingine, Model M, lenye springi ileile juu ya karatasi za plastiki zilizochapwa njia za umeme, zote zimefungwa kwa misumari ya plastiki iliyoyeyushwa. Ni vyombo vya ajabu kwa uimara. Model M ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nyingine zinafanya kazi hadi leo. Lakini kila kitu ndani yake kimeoana na mwenzake tu. Ubao wake hauingii popote, na cha popote hakiingii humo. Baadaye viwanda vikatafuta urahisi, vikaacha springi, vikabakiza karatasi za plastiki na kuweka mpira. Ndiyo hiyo tuliyoifungua Kariakoo.

Njia ya pili ilianza mwaka 1983 kwa kampuni ya Cherry, iliyokuwa na viwanda Marekani na Ujerumani. Wao walitoa swichi iitwayo MX. Kila swichi ni kijisanduku kamili: springi yake, bati zake, na miguu miwili ya chuma inayotoka chini. Mwenye kiwanda chochote angeweza kuinunua na kuilehemu kwenye bodi yake. Hapo ndipo siri ilipo. Tundu la bamba la kuishikia ni milimita 14 kwa 14. Umbali wa kitufe hadi kitufe ni robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Mahali pa miguu miwili hapajabadilika tangu wakati ule. Baadaye hataza ilipokwisha muda wake, viwanda vya China vikatengeneza swichi zao, na wote wakaiga miguu ileile mahali palepale. Wangekuwa wapumbavu kufanya vingine.

Kwa hiyo nikajua walau hili: swichi za kaka zitaingia kwenye bodi yoyote ya ukoo wa MX. Nikapata moyo. Nikaagiza bodi kutoka nje kwa shilingi laki moja na nusu. Tangazo lilisema inaingia kila kasha la aina ile. Ikachukua majuma sita. Nikampelekea mzee wa Ngamiani kama niliyeleta mahari.

Akaiweka juu ya bamba la kaka. Matundu ya skrubu, sawa. Urefu, sawa. Akapitisha kidole taratibu mpaka kulia, akasimama. "Enter yenu ni ndefu?"

Naam, ilikuwa ndefu. Kaka alimwekea mama mpangilio wa Kiingereza cha Uingereza, kama ule aliouzoea ofisini: Enter imesimama ikishika mistari miwili, na Shift ya kushoto ni fupi yenye kitufe cha ziada ubavuni. Ndivyo wanavyotumia Ulaya. Marekani Enter imelala, Shift ni ndefu, na vitufe ni 61. Bodi niliyonunua ilikuwa ya Marekani, na juu ya hayo ilikuwa ya soketi za kuchomeka, zilizoganda mahali pamoja. Hakukuwa na tundu la Enter yetu wala la kile kitufe cha ziada. Tofauti ya kitufe kimoja. Nilikaa kwenye benchi la mzee nikataka kulia. Muuzaji aliandika "kila kasha", na kasha kweli iliingia; mimi ndiye niliyesahau kuuliza habari za vitufe.

Mzee akaniagizia kahawa. Akanisimulia kwamba zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Alisema kompyuta za kwanza zilipofika alileteewa kibodi kizima na kompyuta nzima, plagi inaingia vizuri kabisa, na herufi hazitoki. Nilifuatilia baadaye nikakuta ana haki. Kompyuta ya IBM ya 1981 na ile waliyoiita AT ya 1984 zilitumia plagi ileile ya duara yenye pini tano, lakini kibodi cha moja kilisema lugha ambayo nyingine haikuielewa. Mwaka 1987 plagi ikabadilishwa ikawa ndogo, na mwaka 1996 ikaja USB. Kuingia si kuelewana. Ndoa nyingi zingepona kama watu wangelijua hilo mapema.

Basi swali likabaki: ni nani aliyeamua matundu ya skrubu ya kibodi hiki kidogo yakae pale yalipo, hata bodi ya mgeni ikaingia kwenye mninga wa Tanga? Jibu lake lilinifurahisha kuliko yote. Hakuna serikali wala shirika la viwango lililoamua. Palikuwa na kibodi kidogo cha kiwandani kilichoitwa Poker. Mwaka 2012 wapenzi wa vibodi, watu wa nchi mbalimbali wasiojuana kwa sura, wakaanza kubuni bodi yao wenyewe wakaiita GH60. Makasha ya Poker yalikuwa yanapatikana, kwa hiyo wakapanga skrubu zao zifuate yale: bodi ya milimita 285 hivi kwa 95. Wakaweka michoro wazi, mtu yeyote aitazame, aitengeneze, airekebishe. Viwanda vikaichukua, na makasha mapya nayo yakafuata bodi. Hivyo likazaliwa patano ambalo halikutiwa saini na mtu. Hata programu inayokaa ndani ya chipu, ile QMK aliyoitumia kaka, ilijengwa hivyohivyo, na watu waliojitolea, juu ya kazi ya mtu aliyetangulia.

Mchoro ukiwa wazi, hata mtoto wa Tanga anaweza kuusoma. Niliusoma. Nikajifunza kuuliza maswali yangu kwa mpangilio, na nakuachia hapa, huenda yakakufaa. Kasha lako ni la skrubu za aina gani? Swichi zako za ukoo gani, na zina miguu mingapi ya plastiki? Enter imesimama au imelala? Shift ya kushoto fupi au ndefu? Kitufe kirefu cha nafasi kina upana gani, maana vishikizo vyake vina matundu yake? Plagi ya waya iko upande gani? Na chipu, je, inakubali kuandikwa upya? Nilijibu yote kwa rula na daftari. Mara hii nikaagiza bodi ya kulehemu yenye matundu ya mipangilio mingi. Pale penye Enter kulikuwa na matundu ya namna zote mbili. Ikafika Mei 2024.

Palibaki jambo moja, nalo alilikumbuka mama. "Kabla hamjaitupa ile ya kaka yako, someni alichoandika."

Ndipo maneno ya mzee yaliponirudia: anayejua A ni chipu. Kitufe kinagusana tu. Maana ya kugusana kule kaka aliiandika kwa mkono wake ndani ya chipu, na kompyuta yake aliyoitumia haikurudi kutoka melini. Bodi mpya ingekuja na maana za kiwandani. Za kaka zingetupwa na bodi.

Tukakaa watatu, mimi, mama na mzee, kibodi kizee kikiwa katikati. Kuna kitufe kimoja pembeni ambacho ukikishika, vingine vinabadilika kazi. Nikakishika, nikabonya vingine kimoja kimoja, nikaandika kwenye daftari kilichotokea. Mstari wa tarakimu ulikuwa F1 mpaka F12. N ilitoa ng' yote kwa pigo moja, kibubu cha juu kikiwemo. Kaka alijua mama anakerwa na kutafuta alama ile. Kwa safu zilizokufa, mzee aligusisha ncha ya waya toka kwenye mguu wa chipu. Chini ya A hakukuwa na kitu. Chini ya S hakukuwa na kitu.

Nikafika M. Kwenye kioo yakatokea maneno mawili: Shikamoo mama.

Nikanyamaza. Mzee akatazama dirishani. Mama peke yake hakushtuka. "Hiyo naijua," akasema. "Kila asubuhi naanzia hapo. Naitikia, kisha nafuta, naanza kazi."

Tazama sasa, msomaji. Herufi A ilikuwa imekufa kwenye kitufe, haiandikiki, na bado yale maneno yalitoka na A zake zote tatu, kwa kuwa hayakupita kwenye kitufe. Yalikuwa ndani. Miezi yote ile ambayo mama alishindwa kuandika neno mama kwa mkono wake, mwanawe aliyekufa alikuwa akimwandikia.

Kuna jambo jingine mama alinieleza usiku ule akiwa na daftari za babu mapajani. Katika herufi za Kiarabu, A yetu fupi haina herufi yake. Ni fatha tu, kijistari juu ya herufi nyingine, na mwandishi mwenye haraka hakiweki kabisa. Babu alikuwa na haraka. Kurasa zake nyingi ni konsonanti tupu, na msomaji ndiye anayetia irabu kwa kuijua lugha. Waswahili wameandika hivyo kwa karne nyingi, na maandishi yaliyosalia yanafika karne ya 18. Wajerumani walipofungua skuli yao hapahapa Tanga miaka ya 1890, na gazeti la Kiongozi likachapwa humo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, herufi za Kilatini zikashika. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusanifu Kiswahili, na vitabu vya shule vikaandikwa kwa herufi hizo. Watoto wa babu wakasoma namna moja, wajukuu tukabakiwa na namna moja tu. Bodi ilibadilishwa, na yaliyokuwa ndani ya ile ya zamani hayakunakiliwa. Ndiyo kazi anayoifanya mama sasa, akiwa amechelewa karibu miaka mia moja, na akifa hajamaliza hakuna atakayejua pa kutia A.

Mzee aliyeyusha lehemu ya miguu 124, mmoja baada ya mwingine, kwa subira iliyonitia aibu. Swichi zikatoka nzima. Zikaingia kwenye bodi mpya. Tundu la waya halikutosha plagi ya kisasa, kwa hiyo seremala yuleyule aliyechonga kasha akaja na tupa, akalipanua kwa milimita chache. Nilikaa usiku kucha na kompyuta nikiijaza chipu mpya yote yaliyokuwa kwenye daftari langu: tarakimu, ng', na M.

Asubuhi mama akakaa. Akajaribu a-s-d-f, kama mwaka 1973. Akashika kile kitufe cha pembeni, akabonya M. Akasoma. "Marahaba," akasema, akafuta.

Daftari la tatu limefika ukurasa wa arobaini. Ile bodi ya zamani hatukuitupa; imo kwenye kabati, imefungwa khanga. Na mimi, jioni mama akishapumzika, ananifundisha herufi za babu. Nimefika kwenye fatha.